Tumbaku inakunywa maji kiasi gani? Shamba iko ku Luvungi, na mvua haieleweke tena

KijanaWaKadutu (Bukavu)
Salamu bandugu na bamama bote. Familia yetu iko na shamba ya robo hekta ku Luvungi, mu bonde la Ruzizi (Kongo), karibu na kanali, ule mfereji mkubwa wa maji. Siku zote tunalima mihogo na mahindi, na tomate kama maji iko. Sasa kuko mutu mumoja anapita mu kijiji anaambia batu balime tumbaku ya Virginia, atatoa mbegu na mbolea mbele, kisha atanunua majani. Bei anayosema inavuta roho, siwafiche. Lakini mi shida yangu ni maji. Hii miaka sezoni A mvua inaanza mwezi wa tisa, batu banakimbia kupanda, inakata wiki mbili ao tatu, jua inapiga mpaka udongo inapasuka, kisha inarudi yote mara moja na kubeba mbolea ku muto. Nikamuuliza yule mutu tumbaku itavumilia ile? Akajibu "tumbaku haipendi maji mingi, utamwagia kidogo tu." Kidogo ni ngapi? Akaanza kuongelea bei tena. Mwenye anajua anisaidie, nataka hesabu si maneno.

Mnyamwezi_Orijino (Tabora)
Karibu kwenye zao la jasho mkuu. Sisi huku Tabora, Urambo, Kaliua ndo kwao tumbaku, na wakulima wengi hatumwagilii shamba kabisa, tunamwagilia kitalu tu, maana kitalu kinawekwa kiangazi. Miche ikikomaa unasubiri mvua ikolee ndo unahamishia shambani kwenye matuta. Kwa hiyo huyo jamaa hajakudanganya moja kwa moja, tumbaku ni mmea mgumu, ukikosa mvua siku kadhaa mwanzoni inasinyaa mchana jioni inanyanyuka. Ila akikuambia hivyo bila kukuambia ni LINI haipendi maji na lini inayataka kufa na kupona, hapo anakuuza.

MamaWaSange (Uvira)
Mi nasema acha. Kanali tunagombania na mpunga tayari, kila mutu iko na zamu yake na bado usiku kuko benye kuiba maji. Sasa mulete na tumbaku juu. Batakula majani ya tumbaku batoto benu?

KijanaWaKadutu
Mama aksanti, na mi naogopa ile ile. Sisemi nitalima yote. Nataka kujua tu mbele nijibu.

Agro_Nyawera (Bukavu)
Ndugu umeuliza vizuri, ngoja nijibu kwa urefu juu hii swali inaharibiwaga na watu wenye kutoa namba moja na kwenda zao.

Namba yenyewe iko na inajulikana: FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) mu kitabu chao cha mwaka 1979 juu ya mavuno na maji banasema tumbaku inahitaji milimetri 400 mpaka 600 toka kuhamisha miche mpaka kuvuna, kadiri ya hewa ya pale na urefu wa sezoni, nayo ni siku kama 90 mpaka 120. Milimetri moja ni litri moja kwa kila mita mraba, kwa hiyo hekta moja ni mita kubiki 10. Milimetri 450 ni mita kubiki 4,500 kwa hekta, kwako robo hekta ni kama 1,100. Mvua ikitoa sehemu kubwa, wewe unajaza pengo.

Sasa njo watu banapotea. Wanachukua mvua ya sezoni A nzima wanajumlisha, wanaona 450 imetimia, wanasema sawa hakuna haja ya kumwagia. Kwenye karatasi maji iko, mu shamba majani imeungua. Juu tumbaku haikunywi sawasawa kila siku. Tunachukua kiu ya hewa ya siku ile (wataalamu wanaita ETo, ni maji ambayo majani mafupi ya kawaida yangepoteza kama hayakosi kitu) tunazidisha na kigezo cha mmea. Tumbaku changa kigezo ni 0.3 ao 0.4 tu. Ikianza kupanda haraka, kufika magotini na kuendelea, inakwenda 1.0 mpaka 1.2. Ikikomaa inashuka kidogo.

Tuweke mfano. Siku kavu ya bonde tuseme ETo ni milimetri 5. Mche mdogo unakunywa chini ya 2 kwa siku. Ule mmea ukiwa mkubwa, kigezo tuseme 1.15, unakunywa 5.75. Mara tatu zaidi, jua ni lile lile, shamba ni lile lile.

Na kuko jambo lingine mu kile kitabu ambalo kwangu njo la maana kuliko zote: ni hasara gani unapata ukikosa maji kila hatua. Mwanzoni kigezo cha hasara ni 0.2. Wakati wa kukua haraka ni 1.0. Wakati majani yanajaa ni 0.5. Maana yake ukikosa asilimia 30 ya maji ya hatua ya kwanza, mavuno yanapungua kama asilimia 6. Ukikosa asilimia ile ile 30 wakati wa kukua haraka, unapoteza 30 kamili. Kwa hiyo yule mutu na ndugu wa Tabora wote wako na haki, kila mumoja kwa wiki yake. Kukosa kidogo mwanzoni inasaidia hata, mizizi inashuka chini kutafuta maji. Kosa zile wiki za katikati uone.

Mnyamwezi_Orijino
Umemaliza injinia. Hapa kwetu tunasema acha mche uhangaike kwanza. Ukiudekeza na maji mwanzoni mizizi inakaa juu juu halafu siku jua likija kweli unalala shamba zima.

TupTup_Ibanda (Bukavu)
Tumbaku inaua, WHO (shirika la afya la dunia) yenyewe inasema, na mkataba wao juu ya tumbaku kifungu cha 17 kinasema serikali zisaidie wakulima wa tumbaku kupata mazao mengine. Sasa sisi njo tunaingia wakati wengine wanatoka 😂

Agro_Nyawera
@TupTup hiyo hoja nzito na sikukatazi, lakini aliuliza maji, nimjibu maji kwanza.

Udongo. Ndugu KijanaWaKadutu shamba yako iko upande wa mchanga ao wa udongo mzito? Bonde la Ruzizi si moja, ukishuka karibu na mto unapata mchanga, ukipanda unapata udongo mwenye kushika. Mchanga unashika kama milimetri 60 za maji yenye mmea unaweza tumia kwa kila mita ya kina, udongo wa kati ni kama 140, mzito unaenda 200. Mizizi ya tumbaku tuseme iko sentimita 60, na usingoje imalize yote, nusu ikiisha mmea unaanza kuteseka. Kwa mchanga: 36, nusu 18, gawanya na 5.75, unapata siku TATU. Kwa udongo wa kati: 84, nusu 42, siku saba. Mvua ikikata wiki mbili mimea iko katikati ya kukua, mwenye mchanga ameisha zamani, mwenye udongo wa kati anaanza wiki ya pili na deni.

Na ile mvua inarudi yote mara moja? Inyeshe milimetri 80 mchana mmoja, udongo wako wa kati ulikuwa na nafasi ya 42 kwenye mizizi, iliyobaki inashuka chini na nitrojeni yako ao inasimama juu. Kwenye hesabu ya mwaka ile 80 imeandikwa yote. Mmea ulipata nusu.

KijanaWaKadutu
Eh injenia, hapa njo naanza kuelewa. Shamba iko sehemu mbili, upande wa kanali ni udongo mweusi unashika mu jembe, ile ya chini ni mchanga mchanga. Na ku ile ya juu maji inasimamaga kama mvua kubwa imenyesha, siku mbili ao tatu ndo inakauka.

Mnyamwezi_Orijino
Hapo kwenye kusimama maji hapo mkuu ndo usicheze. Tumbaku haiwezi kabisa miguu kwenye maji. Jua likitoka baada ya mvua kubwa utaona majani yamelala chini kama mmea umekauka, mgeni anakimbia kuongeza maji, anamalizia kuua. Mizizi imekosa hewa, haivuti tena. Tuta lazima liwe juu na mfereji wa kutolea maji uwe wazi kabla ya kupanda, sio baada.

MamaWaSange
Na mfereji wako utamwaga wapi? Ku shamba ya jirani. Na jirani njo mimi 😄 nasema tu.

LushoisWaKatuba (Lubumbashi)
Bonjour ba grand. Mi niko Lubumbashi lakini nilifanya kazi miaka mu mashamba ya tumbaku ngambo, Zambia kisha Zimbabwe, ngoja niseme ile nilionaka kwa macho. Zimbabwe sheria inakataza kuhamisha miche mbele ya tarehe 1 mwezi wa tisa, na kitalu mbele ya tarehe 1 mwezi wa sita. Ile tarehe ya mwezi wa tisa, mvua ingali mbali, kwa hiyo benye kupanda tarehe ile ni benye kuwa na barazi (bwawa) na pompu. Banaweka maji ku shimo wakati wa kupanda, kisha banakata maji kabisa mche utafute chini, kisha banarudi kumwagia pale mmea unaanza kukimbia. Mvua ikifika mwezi wa kumi na moja mmea yao iko mukubwa, inaipokea tayari. Mukulima mudogo bila pompu anangoja mvua njo apande, halafu ikikata inamukuta katikati kabisa. Mwaka 2023 Zimbabwe iliuza tumbaku kilo milioni 296 hivi, mwaka 2024 na ile El Niño (joto ya bahari yenye kuleta ukame kule) ikashuka kama milioni 230. Benye kuumia mingi ni benye kutegemea mvua.

Na ile ukame ya 2024 sisi Lubumbashi tuliijua kwa unga. Zambia ilitangaza janga la taifa mwezi wa pili, na sisi unga yetu nyingi inatokaka kule. Kwa hiyo Mama wa Sange iko na haki, usipande tumbaku kila fasi ukasahau bukari (ugali).

Agro_Nyawera
Aksanti Lushois, ile ya kuweka maji ku shimo ni muhimu, na ni maji kidogo kweli. Miche 15,000 kwa hekta kwa litri 2 kila mmoja ni mita kubiki 30. Ukilinganisha na mahitaji ya sezoni ni kama tone. Hapo ile "kidogo tu" ya yule mnunuzi iko ukweli.

Bahati_wa_Panzi (Bukavu)
Swali kwa injenia: wanasema joto inapanda kila mwaka, si ile ETo nayo itapanda mpaka tushindwe? Yaani miaka 20 kutoka leo tumbaku haitawezekana tena bonde lile?

Agro_Nyawera
Swali nzuri, na jibu linashangaza watu. Joto ikipanda digrii moja hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kama asilimia 7. Lakini kiu ya mmea haipande 7, juu sehemu kubwa ya ETo inaendeshwa na mwanga wa jua si joto peke yake. Ukifanya hesabu ya Penman-Monteith (njo ile wataalamu wanatumia kupata ETo) na kuacha vitu vingine kama vilivyo, unapata kama asilimia 2 ao 3 kwa digrii. Tuseme digrii mbili, asilimia 5. Ile 5.75 inakuwa 6.0. Kwa siku 10 ni milimetri 2.5 zaidi, mita kubiki 25 kwa hekta. Unaweza ilipa.

Sasa linganisha na kukosa mvua moja. Ulingoja milimetri 20 mu zile siku 10 hazikuja: mita kubiki 200. Mara nane. Kwa hiyo mtu akikuambia mabadiliko ya hewa bei yake ni joto, mwambie kwa tumbaku ya bonde bei kubwa iko kwenye siku mvua inakata na siku inamwagika yote. Na wataalamu wa hewa wanangoja mvua nzito nzito ziongezeke upande wetu wa Afrika. Tuko na ushahidi wetu wa karibu pia, mafuriko ya Uvira mwezi wa nne 2020, Kalehe mwezi wa tano 2023, siitaji kuelezea.

Kuko na mambo mawili yanavuta upande mwingine. Kaboni ikiongezeka hewani majani yanafunga matundu yake kidogo, maji yanaponyoka kidogo pungufu. Lakini majani nayo yanaweza kuwa makubwa zaidi, faida inaliwa. Na joto inakimbiza mmea, sezoni inakuwa fupi, jumla ya maji inapungua, ila jani linakomaa halijajaa vizuri. Mnunuzi atalipia uzito na ubora, si siku.

Mnyamwezi_Orijino
Ubora hapo hapo. Mwaka wa kiangazi jani linatoka nene, jeusi jeusi, nikotini juu. Mwaka wa mvua nyingi jani jembamba, la rangi hafifu, halina uzito. Sokoni vyote viwili unashushiwa daraja. Mwaka mmoja mimi nilipeleka mzigo mzuri kabisa machoni pangu, mchambuzi akaupiga daraja la chini, na hela ya pembejeo ikakatwa ile ile. Kwa hiyo kaka kwenye mkataba usome nani anabeba hasara ya mvua. Usiposoma ni wewe.

KijanaWaKadutu
Hakuna mkataba bado, ni maneno tu. Sasa injenia nifanyie hesabu ya kwangu kabisa basi. Robo hekta, ile siku 10 mbaya.

Agro_Nyawera
Sawa. Siku 10 mmea mkubwa: 57.5. Mvua ya faida (ile inabaki ku mizizi) tuseme 20. Pengo 37.5, kwa robo hekta ni mita kubiki 94 hivi. Ukibeba na bidoni ya litri 20 bila kumwaga hata tone ni bidoni karibu 4,700. Ndani ya siku 10. Kwa hiyo sahau habari ya kubeba na mgongo na vijana wa kubeba.

Kwa kanali na mifereji kati ya matuta maji mengi inapotea njiani, ukifikisha asilimia 55 umefanya vizuri, kwa hiyo unahitaji 170. Motopompu ndogo yenye kutoa mita kubiki 20 kwa saa, ni saa nane na nusu kwa zile siku 10. Mafuta unajua bei mwenyewe. Kama ni mipira ya matone, asilimia 90, unahitaji 104 tu, lakini mipira yenyewe ni pesa ya mbele.

Na umwagie ile ya mchanga mara nyingi kidogo kidogo, kila siku tatu, na ile nyeusi mara moja kwa wiki. Ukiweka ratiba moja kwa shamba zote mbili, moja itakauka na nyingine itaoza.

Furaha_Kavumu
Ongezeni na maji yenyewe ni ya aina gani. Fasi zingine mu bonde unaona chumvi nyeupe juu ya udongo wakati wa jua. Tumbaku na kloridi (iko mu chumvi) hawapatani, jani linabeba kloridi na baada ya kukausha haliwaki vizuri, mnunuzi anakataa. Ndiyo maana hata mbolea ya potasi ya tumbaku inatakiwa ile ya salfati, si ya kloridi. Pima maji ya kanali wakati iko chini, si wakati mto umejaa, juu ikiwa chini njo chumvi inajikusanya.

Agro_Nyawera
Kweli kabisa. Na usipande pale ulipokuwa na tomate. Ni familia moja, minyoo ya mizizi inabaki mule. Mizizi ikiwa na vinundu haivuti maji, utaona mmea unasinyaa na udongo uko mbichi, utamwagia bure.

LushoisWaKatuba
Na kuni bana. Virginia inakaushwa na moto siku kama tano sita bila kulala. Mu Kivu kuni mutatoa wapi? Burley, ile aina ingine ya tumbaku, angalau inakauka na hewa tu chini ya paa.

TupTup_Ibanda
Ndo nilisema. Maji, mbolea, kuni, mkataba hakuna. Panda vitunguu ndugu yangu.

MamaWaSange
Kitunguu nacho kinakunywa maji 😂 lakini angalau kinakwenda mu nyungu.

KijanaWaKadutu
Nimeongea na kaka mkubwa jioni hii. Tunasema hivi: ile ya juu nyeusi yenye maji inasimama hatuweke tumbaku, tutaiachia mahindi. Ile ya mchanga iko karibu na muto tungeweza pompia, lakini kila siku tatu, na pompu ni ya kukodisha, na zile wiki za katikati njo zile zile kila mutu anakodisha juu ya tomate yake. Nitamuuliza yule mutu kama atatoa pompu na mafuta kwa zile wiki, si mbegu tu. Akisema hapana basi.

Injenia, ile hesabu ya siku kumi kumi naweza fanya mi mwenyewe?

Agro_Nyawera
Unaweza. FAO iko na programu ya bure inaitwa CROPWAT, inafanya kazi ku kompyuta ya Windows, unaweka ETo, mvua, mmea na udongo, inakupa pengo kwa kila siku kumi. Wako pia na hifadhi ya data ya hewa, CLIMWAT, lakini zile ni wastani za zamani, usizitegemee kwa mvua ya leo. Kwa mvua tafuta CHIRPS, ni ya setilaiti, inaanza 1981, utaona mwenyewe mwezi wa kumi na wa kumi na moja wa kila mwaka ku Luvungi na uhesabu mara ngapi imekata zaidi ya wiki moja. Usitazame wastani, tazama miaka mibaya. Na weka kipima mvua pale shambani, hata cha plastiki, mtu asome kila asubuhi saa moja aandike mu kahia (daftari). Ukiwa na kahia ile, yule mnunuzi akisema "kidogo tu" unamfungulia.

MamaWaSange
Kama ni kusoma kila asubuhi mutume mtoto wangu, iko anapita pale akienda shule. Lakini mfereji wa kutoa maji tuongee mbele hamjachimba.

KijanaWaKadutu
Sawa Mama, juma posho (jumamosi) nashuka, tutapita pale pamoja.